Pistoni ya Mzee Kitonga

Jumatatu, 4 Agosti

Klachi imekataa kutoka. Siku ya pili hii. Nimeingiza kamba ya gunia kwa tundu la plagi ili injini isizunguke, nikavuta spana mpaka mishipa ya shingo ikanisimama. Wapi! Saa kumi jioni ndipo nikakumbuka neno la mzee: klachi ya pawa hufunguka kinyume. Kumbe siku mbili nzima nilikuwa naikaza. Mimi, mtu wa mashine, miaka kumi na miwili nasagia watu wa Matinyani unga.

Naandika hapa kwa sababu hakuna mtu naweza kumwambia. Hii pawa, huu msumeno wa petroli ulio kwa meza yetu ya jikoni, si yangu. Ni ya Mzee Kitonga wa Nunguni, baba yake Ndanu, mke wangu. Imelisha nyumba yake tangu Ndanu akiwa darasa la tatu. Niliiazima nipasue mti wangu wa mukau nitoe fremu za madirisha. Ikanoki, injini ikafa mikononi mwangu. Watu wote wanasema ni uzee wa mashine, na nimewaacha waseme.

Si uzee. Ni mimi niliyeiua.

Jumanne, 5 Agosti

Silinda imetoka. Pistoni iko mkononi, kama kikombe kidogo cha chuma kisicho na mshikio. Upande mmoja ni laini. Ule mwingine, wa kuelekea eksozi, umechubuka kutoka juu mpaka chini, kama goti la mtoto aliyeanguka kwa barabara ya murram.

Nimekaa nikaiangalia mpaka Ndanu akaniuliza kama naumwa.

Pawa haina oili yake ya ndani. Oili huchanganywa na petroli na injini huzinywa pamoja. Mzee alinipa chupa iliyochanganywa tayari na akanieleza, nami nikatikisa kichwa bila kusikiliza. Chupa ikaisha mti ukiwa nusu. Nikafyonza petroli kwa tangi la pikipiki yangu, nikaitia hivyo hivyo, kavu. Injini ni injini, nilisema. Ikakata dakika chache, ikalia sauti nyembamba, ikasimama.

Kiburi tu. Sina jina lingine la kukipa.

Alhamisi, 7 Agosti

Mzee amepiga simu. Ameongea na Ndanu, si mimi. Kati yangu na wakwe kuna nthoni, ile heshima yetu iliyochanganyika na aibu. Huwezi kumwendea mkwe na maneno ya ovyo, na yeye hawezi kukukaripia hata ukimkosea. Kila kitu hupita kwa mdomo wa binti yake.

Ndanu amerudi jikoni akicheka. "Baba anakupa pole. Anasema usijilaumu, ile kitu imezeeka kama yeye."

Mimi ndiye niliyepewa pole!

Halafu kuna hili lingine. Upepo wa juzi uliangusha miti minne ya saiprasi ya kanisa lao. Jumamosi ya tarehe 16 waumini watakutana kupasua mbao za paa. Wengine walitaka kuita mpasuaji wa pawa kutoka mbali, mzee akakataa kabisa. Amewaambia pawa yake iko kwa mkwe wake, mtu wa mashine, na itafika. Amesimama mbele ya kanisa akasema hivyo.

Anajivunia mimi. Angenitukana ningelala vizuri zaidi.

Ijumaa, 8 Agosti

Kitui mjini, kutafuta spea. Nilienda na pistoni kwa karatasi ili nipate saizi. Fundi wa duka aliifunua, akaitazama mara moja. Hata miwani hakuvaa.

"Hii ilinyweshwa petroli kavu," akasema. "Ni nani huyo?"

Nikasema ni kijana fulani wa huko kwetu. Uongo ulitoka mbio hata sikuutafuta.

Nimepata pistoni mpya, ringi, gasketi na loki zake. Lakini sasa najua. Mtu yeyote wa kazi hii akiiona ile ya zamani, atasoma kila kitu. Na mzee si mtu yeyote. Amepasua miti miaka yote hiyo.

Jumamosi, 9 Agosti

Ukuta wa silinda ulikuwa na chuma cha pistoni kilichoyeyuka kikashika. Nimekisugua na asidi ya kusafisha choo, kidogo kidogo, na kijiti chenye pamba. Mwende, binti yetu, amefukuzwa jikoni. Ndanu ametupa nje sufuria niliyotilia asidi, sufuria na maneno. Ana haki.

Chini ya uchafu silinda ni nzima. Haijakwaruzika. Nikamshukuru Mungu kwa sauti, halafu nikaona aibu kumshukuru.

Jumapili, 10 Agosti

Nilienda ibada. Sijui mchungaji amehubiri nini.

Tulipofika nyumbani simu ya mzee ikaingia, kupitia Ndanu kama kawaida. Anauliza kazi imefika wapi. Na mwisho, kama mtu aliyekumbuka tu: ile pistoni ya zamani isitupwe. Anataka aletewe. Imemfanyia kazi miaka mingi, anataka kuiweka.

Aiya!

Niseme imepotea? Nilimwambia Ndanu wiki hii hii kwamba imefungwa vizuri kwa karatasi. Niseme niliiuza kwa watu wa vyuma? Atasikitika. Ni mzee anayetunza hata msumari uliopinda.

Jumatatu, 11 Agosti

Nimefunga mashine ya kusaga saa tano, wanawake watatu wakiwa foleni na madebe yao. Wamenisema vibaya. Nikapanda pikipiki mpaka Kitui, kwa fundi yule yule. Ana mkebe umejaa pistoni zilizotolewa kwa pawa za watu. Nimechagua moja, saizi ile ile. Nyeusi juu, imeisha polepole, pande zote sawa. Pistoni iliyozeeka kwa haki. Amenipa bure, hakuuliza ya nini. Ameniangalia tu.

Kwa hivyo sasa nina mbili. Yenye ukweli na yenye amani.



Jumanne, 12 Agosti

Nimefunga pistoni mpya. Loki ni waya mdogo kama nusu ya pete, unaozuia pini ya pistoni isitoke. Ya kwanza iliingia bila shida. Ya pili iliruka, ting, ikapotea. Nikatambaa chini ya meza na tochi, chini ya kabati, kwa majivu. Bila hiyo hakuna kazi, na Jumamosi hiyo hapo. Nilikaribia kulia, mtu mzima na ndevu zangu.

Ndanu alikuwa mlangoni anachagua pojo kwa ungo. Akaokota kitu kwa ungo. Loki ilikuwa kwa pojo.

Alipokuja kunipa akaona zile mbili kwa meza.

"Mbona ziko mbili, Baba Mwende?"

Nikasema moja ni ya duka, ya kupimia saizi. Akachukua iliyochubuka. Akapitisha kidole kwa ile mistari, juu, chini. Huyu ni mtoto wa mpasua mbao, alikulia kwa vumbi la hiyo pawa. Akairudisha mezani taratibu, akaenda kumalizia pojo zake.

Angepiga kelele ningejua pa kusimama.

Jumatano, 13 Agosti

Kabureta. Plagi mpya. Mpira wa petroli. Ndanu ananiita "wewe", si Baba Mwende.

Alhamisi, 14 Agosti

Imewaka! Mvuto wa tisa wa kamba. Ilikohoa, ikatema moshi mweupe, ikashika. Majirani wametoka. Mwende alirukaruka. Nilisikia raha mpaka nikapiga kelele kama mtu aliyeshinda mbio.

Safari hii nimechanganya oili mwenyewe, nimepima mara tatu. Nimeiacha ingurume polepole nusu saa, nikaizima ipoe, nikaiwasha tena. Sauti nzito, haitetemeki.

Raha iliisha nikifunga kifuniko. Kutengeneza ndiyo ilikuwa kazi rahisi.

Ijumaa, 15 Agosti

Nimefunga safari kwa akili mara hamsini. Nitampa ile ya duka, ya kutoka kwa mkebe wa fundi. Ataiweka, atakuwa na furaha, hakuna aliyeumia. Pawa inafanya kazi, si ndiyo? Kosa limeshalipwa kwa jasho.

Halafu namkumbuka anasema pole.

Mficha maradhi, kifo humfichua. Mama yangu alikuwa anatuambia hivyo tukificha vidonda vya miguu. Nimeweka zote mbili kwa koti. Ya duka mfuko wa kulia, ya mzee mfuko wa kushoto. Mimi hutumia mkono wa kulia.

Jumamosi, 16 Agosti

Nimerudi. Nimechoka mifupa. Niandike kabla sijaanza kujidanganya.

Niliondoka alfajiri na pawa imefungwa nyuma ya pikipiki. Nunguni ilikuwa ukungu mtupu, huoni mti mpaka uko karibu kuugonga. Watu wa kanisa walikuwa wamefika na mapanga na kamba. Mzee amevaa lile koti lake la kijani. Alinisalimu kwa heshima zote, akauliza Ndanu, akauliza mtoto, akauliza mvua. Halafu akaichukua pawa.

Masikio yake yamekwisha kwa kazi hii, kwa hivyo hakuisikiliza. Aliiwasha, mvuto wa pili tu, akaweka kiganja juu ya kifuniko, akafumba macho. Akatabasamu. Watu wakapiga makofi. Mzee mmoja akasema kweli Kitonga ana mkwe. Nilitamani ukungu unimeze.

Akaizima na kuiweka juu ya gogo. Akanishika mkono tukasogea kando, akafungua kiganja.

Mkono wa kulia uliingia mfukoni wenyewe. Nikampa ya duka.

Akaigeuza. Akaigeuza tena. Akaipangusa kwa koti. Nilikuwa nahesabu pumzi.

"Hii ni nzuri," akasema. "Imezeeka vizuri. Hii ingefanya kazi mwaka mwingine." Halafu akaniangalia, si kwa ukali, kama mtu anayeuliza njia. "Sasa ilisimama kwa nini?"

Sikuwa nimewaza hilo. Siku zote hizo, hesabu zote hizo! Nilimtafutia pistoni isiyo na kosa, na pistoni isiyo na kosa haiui injini.

Mkono wa kushoto ulikuwa mzito kama gunia la mahindi. Nikatoa ya kwake.

"Nilitia petroli kavu, Baba. Chupa yako iliisha. Nilitoa kwa pikipiki. Ulikuwa umeniambia."

Alipitisha kidole kwa mistari, juu, chini, sawasawa na binti yake. Watu walikuwa wanatuita. Aliitia mfukoni mwa lile koti, akanirudishia ile nyingine.

"Hii mrudishie mwenyewe," akasema. Akaenda kazini.

Amepasua mpaka saa tisa. Nilibeba mbao na wengine. Hakunitazama tena, wala hakumwambia mtu. Niliaga, akainua mkono kutoka mbali.

Nimemwambia Ndanu yote. Alisikiliza mpaka mwisho. "Nilikuwa nangoja uniambie wewe," akasema. Akaniwekea chakula.

Jumatano, 20 Agosti

Mzee hajapiga simu. Siku nne. Zamani alikuwa anapiga kila baada ya siku moja. Nimerudisha pistoni kwa mkebe wa fundi. Kila Ndanu akishika simu nasimamisha mashine ili nisikie, na wateja wanaguna.

Ijumaa, 22 Agosti

Amepiga. Amezungumza na Ndanu kuhusu mbuzi anayeumwa jicho. Mimi hakunitaja. Mwisho akasema twende Jumapili, twende wote.

Sina hamu ya kula.

Jumapili, 24 Agosti

Tumeenda Nunguni, mimi, Ndanu na Mwende. Paa la kanisa limeanza, mbao mpya zinanukia mpaka barabarani. Mama mkwe alitupikia muthokoi wa mahindi yaliyokobolewa, na kuku. Tuliketi sebuleni, tukaongea habari za mbuzi.

Wakati wa kuondoka mzee alitoka na pawa, ameifunga kwa gunia safi, akaiweka karibu na mizigo yetu. "Ule mukau haujaisha," akamwambia Ndanu, mimi nikiwa hapo hapo. Juu yake akaweka chupa mbili za petroli iliyochanganywa, shingoni zimefungwa uzi mwekundu. Safari ile alinipa moja.

Nilirudi ndani kuchukua kofia yangu. Ile pistoni iko dirishani, juu ya kitabu cha nyimbo cha mzee, inazuia kurasa zisipeperushwe. Ameisugua mpaka inang'aa. Upande uliochubuka ameugeuzia ukutani.