Shimo la Mwezini kwenye Sinia la Pilau

Jumatatu, 5 Mei
Vitumbua vimeisha mapema. Mwanangu Mwanaidi kachukua tena majivu ya jikoni, anayachekecha kwa chekeche langu la unga. Nimemgombeza kidogo. Anatengeneza shimo la huko mwezini. Dogo tu, karibu na ncha ya kusini, lilichimbwa na jiwe lililoanguka zamani. Anasema ndani mle jua halifiki kabisa, huenda kuna barafu. Sijui mimi. Ijumaa anaonyesha shuleni, akishinda anapelekwa mkoani. Nimempa sinia la pilau.

Jumanne, 6 Mei
Wifi kaja kutoka Kisarawe. Nimempikia. Kaliona sinia, majivu yamesawazishwa, yana vishimo na mistari. Akauliza nani anapiga ramli humu ndani. Nimemweleza, kazi ya shule. Kaguna. Roho yangu haijatulia.

Jumatano, 7 Mei
Nina hasira. Nimerudi kutoka kuuza, sinia limeoshwa. Wifi kayamwaga majivu chooni, kanyunyiza maji ya chumvi mlangoni. Eti kaiokoa nyumba ya kaka yake. Tena mbele ya majirani kamwambia mwanangu, "Haya bibi mganga, nitazamie na mimi." Wakacheka.
Mwanaidi hataki kula. Ijumaa haendi, kasema.
Mume wangu anasema tungoje dada yake aondoke. Tungoje nini? Aliyeaibishwa ni mtoto.

Alhamisi, 8 Mei
Nimemwita wifi uani. Nimemwambia, "Wifi, hapa utakula, utalala. Mwanangu humgusi."
Kasema nimemlisha kaka yake dawa. Kafungasha, kaondoka. Sijamsindikiza. Siombi radhi.
Mume kanuna. Anune.
Majivu yangu hayatoshi. Nimekwenda kuomba kwa majirani walewale. Uso umeniwaka. Mama Shani kauliza kama nataka kumpigia ramli mume. Halafu kanijazia ndoo.
Nimemwambia Mwanaidi, usipokwenda nakwenda mwenyewe, nikaseme nisiyoyajua. Kaanza kuchekecha.

Ijumaa, 9 Mei
Sinia nimelibeba mimi, nimelifunika kanga. Mwanzo sauti ya Mwanaidi ilitetemeka, baadaye ikakaa. Mwalimu kamulika tochi kutoka pembeni, chini chini. Majivu yote yakang'aa, ndani ya shimo giza.
Hakushinda.
Tumerudi kwa miguu. Alasiri mwezi ulikuwa umeshatoka, mweupe. Kanionyesha kwa kidole, ukingoni, kulia, ndiko kusini kwake. Kasema shimo lenyewe halionekani kwa macho.
Tumesimama tu, tunatazama.