Bomba la Saizi Mbili

Nyumbani,
chumba cha nyuma,
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa Kaka,

Kwa heshima na taadhima, na kwa niaba ya ukoo mzima, natangaza kwamba gari letu limepata ekzosi mpya. Umma umejulishwa. Majirani hawakuhitaji kujulishwa, walisikia wenyewe.

Nimetanguliza habari nikaruka salamu. Nisamehe, ni uchovu. Hujambo huko uliko? Kifua kimepoa, au bado unalala na soksi? Watoto wanaendeleaje? Sisi wazima, kwa maana ya kwamba tunapumua. Mama anaendelea na mazoezi ya mguu hospitali kila Alhamisi, na daktari hataki kusikia habari ya kukosa hata siku moja.

Shida unaijua. Hospitali iko juu ya mlima, gari limezeeka, na Mama ameapa hatalala kwa mkwe. Nyumba ya dada iko kando ya hospitali, ni kweli, lakini Mama anasema mkwe ni mtu wa kupikiwa, si wa kukusikiliza ukikoroma. Kwa hiyo gari likishindwa, Mama anahama. Na akiiacha nyumba yake, tunamjua, atakuwa mgeni siku zake zote.

Uliposema unatuma turbo ya kuliongezea gari nguvu, Rubani hakungoja ifike. (Ndilo jina la mdogo wetu siku hizi, kwa jinsi anavyokata kona.) Alitaka ekzosi iandaliwe mapema, bomba la inchi tatu toka injini mpaka nyuma. Turbo, alisema, ni mapafu, na mapafu hayafungwi kwenye koo la kuku. Shemeji, huyo mkwe mwenyewe, ambaye ulimwacha fundi bomba na fundi bomba amebaki, akasema bomba ni bomba, liwe la maji au la moshi. Ukilipanua kabla ya wakati, mwendo unalala. Libaki la zamani, inchi mbili kasorobo, turbo ikifika tuipime mdomo, ndipo tukate.

Kila mmoja alikuwa na haki yake, na hilo ndilo lililonichosha. Mabishano yalianza uani, yakaingia mezani, yakahamia kwenye simu, mpaka Rubani akamuuliza shemeji ni lini aliona choo kikipanda mlima.

"Choo angalau kinajua kazi yake," shemeji akajibu.

Mama ndiye aliyekata shauri, kama alivyokuwa akitukatia tulipogombania blanketi. Kila mtu apate upande wake. Fundi wa kuchomelea alituangalia mmoja mmoja, akasema yeye anachomelea tu, kupatanisha ni kazi yetu. Akaweka inchi tatu za Rubani toka injini mpaka katikati, na toka katikati mpaka nyuma akaacha bomba jembamba la shemeji. Yalipokutana akaweka kiungo kinene kama goti. Amani ikarudi. Injini haikuulizwa.

Alhamisi tukapanda gari sote, shemeji naye akaja kusikiliza bomba lake. Kwenye tambarare lilinguruma kama lina hasira za watu wengine. Mlimani, gia ya kwanza, likabaki na sauti tu. Penye upana moshi unalegea, penye wembamba unabanwa. Tulikuwa tumejichagulia hasara ya kila upande. Gari likazima.

Rubani akasema kosa ni la nusu ya nyuma. Shemeji akasema kosa ni la nusu ya mbele. Walibishana pale pale barabarani, shemeji ameshika jiwe la kuzuia tairi kama mtu anayekula kiapo. Mama akafungua mlango, akashuka na fimbo yake, akanishika mkono.

"Twende, baba," akaniambia. "Hawa mmoja nimemzaa, mwingine nimempa binti. Sina wa kumlaumu."

Tulipanda tukipumzika, tukipanda tukipumzika. Tulipofika, mtaalamu wa mazoezi alikuwa ameshafunga chumba. Usiku mguu ukavimba.

Tangu siku hiyo hawaongei. Rubani akitaka spana ananituma mimi, shemeji akitaka kukataa ananituma mimi. Nimekuwa bomba, na sijui ni saizi gani. Ukipata nafasi wapigie, wewe ni mkubwa wao, labda watakuonea haya.

Dada anakusalimu sana. Shemeji anakusalimu. Rubani anakusalimu, ila ameomba nisiziweke salamu zake karibu na za shemeji. Mama anakuombea kazi isiyokuumiza mgongo na moyo usiokata tamaa. Mimi nakuombea usingizi, kwa kuwa najua thamani yake.

Nduguyo akupendaye,
wa katikati.

Nilisahau: turbo ilifika jana, salama kabisa. Mama alihamia kwa dada juzi.