Dola Yenye Kipara

Ishpeming, 9 Februari 2016

Mwanangu Marlys,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Hujambo? Huko Duluth theluji imewafika shingoni kama sisi? Mimi sijambo, ila nyonga. Niliteleza hatua tatu kutoka mlangoni, mfuko wa taka mkononi. Wamenitia vyuma. Daktari anasema niketi hadi majira ya joto. Mimi, niketi!

Najua tangu mazishi ya mama yako tumebaki na kadi za Krismasi tu, kwa hiyo nakuja moja kwa moja kwenye haja yangu. Unaikumbuka dola ya fedha aliyonipa mama yako siku niliyoanza kazi mgodini, mwaka 1969, ili vidole vyangu visiwashe sigara. Nimeibeba kwenye mfuko wa kulia wa suruali miaka arobaini na saba. Yule bibi wa kwenye sarafu hana tena nywele, hana jicho, hana pua. Kilichobaki ni mwaka, 1923, na hiyo tatu imekonda sana.

Kila Oktoba chama chetu cha sarafu hukutana kwenye chumba kilicho chini ya kanisa kwa Meza ya Vipara. Dola iliyolika kuliko zote hushinda, mradi mwaka usomeke. Toivo Kangas ameshinda mara nne na kunicheka mara arobaini. Oktoba hii nataka zamu yangu, maana nyingine sina hakika nayo. Sasa ni wiki ya tatu dola imelala mezani, na mimi nageuka kitandani kama samaki kikaangoni.

Wewe unapeleka barua kwa miguu siku nzima. Nibebee. Masharti unayajua tangu utotoni: isikae na funguo wala sarafu nyingine, isiguswe na msasa wala mashine. Nguo, paja na kidole gumba, basi. Kila baada ya muda iwekee karatasi juu, usugue na penseli, unitumie nione.

Baba yako,
Reino

Duluth, 6 Machi 2016

Baba,

Shikamoo. Pole sana kwa nyonga. Nani anakupikia? Usiniambie ni Toivo.

Dola imefika ndani ya soksi yako, na soksi nimeifua. Natembea maili tisa kwa siku, vilima vitupu, na mbwa wawili wananichukia kwa jina. Karatasi ya penseli hii hapa.

Ila, Baba, niliposoma barua yako nilicheka, halafu nikakasirika, nikaenda kusafisha jiko lililokuwa safi. Siku tuliyomzika Mama ulisimama kwenye ngazi, mimi nikiondoka na begi langu, ukaniambia mbele ya watu: “Mtembezi hula miguu yake.” Miaka kumi neno hilo limenikaa kooni. Leo ndiyo unaitaka hiyo miguu!

Nitaibeba. Lakini nimesema.

Binti yako,
Marlys

Ishpeming, 24 Machi 2016

Mwanangu Marlys,

Salamu sana. Miguu yako haijambo? Nauliza kwa heshima.

Ulilosema nimelisoma mara nyingi. Sikuwa na haki ya kulisema, wala mbele ya watu wala nyuma yao. Nisamehe. Siwezi kuandika zaidi, kalamu inatoka jasho.

Toivo ndiye anayenipikia. Analeta mikate yake ya nyama na viazi, migumu kiasi kwamba ningeweza kuitumia kujengea ukuta. Analeta na dola yake, anaigeuzageuza mbele ya macho yangu mimi niliyefungwa kitini. Nimechungulia dirishani nikingoja posta hadi pazia limechakaa. Niandikie upesi.

Baba yako,
Reino

Duluth, 12 Juni 2016

Baba,

Shikamoo. Samahani kwa ukimya, kazi zimenizidi. Mimi mzima kabisa, natembea kama kawaida. Tazama karatasi hii mpya uone mambo yanavyokwenda! Oktoba Toivo atatafuta pa kuficha uso.

Binti yako,
Marlys

Ishpeming, 17 Juni 2016

Marlys,

Natumaini u mzima, ingawa sasa sina hakika.

Nimeziweka karatasi zako mbili kwenye kioo cha dirisha, moja juu ya nyingine. Ile tatu imebaki nusu. Ukingo una vidonda. Miezi mitatu ya mfukoni haili hivyo, hata ungekimbia hadi Chicago na kurudi. Mfuko hulamba, haung'ati. Umeifanyia nini dola ya mama yako?

Reino

Duluth, 30 Juni 2016

Baba,

Shikamoo, hata kama huitikii.

Siku ya pili ya Aprili nilianguka kwenye ngazi za mteja. Goti limepasuka ndani. Tangu hapo sipeleki barua. Nakaa kwenye kiti kirefu nazipanga, mguu umeinuliwa juu ya kreti. Kwa nini sikukwambia? Kwa sababu ungeona neno lako limetimia. Mtembezi amekula miguu yake, hii hapa, imekwisha kuliwa.

Na wewe ulisema Oktoba nyingine huna hakika nayo. Dola ilikaa mfukoni haisogei, nami niliona siku zinapita, nikawa siwezi kulala. Nikaitia kwenye soksi ya sufu na mchanga kidogo wa ziwani, nikaitupa kwenye mashine ya kukaushia nguo. Muda wa saa mbili kila jioni, kwa wiki tatu. Majirani waligonga ukuta. Siku nilipoona ukingo umeumia nililia kama mtoto.

Nakurudishia. Mwaka bado unasomeka, kwa shida. Nimekuharibia kitu cha miaka arobaini na saba, Baba, na sina cha kukulipa.

Marlys

Ishpeming, 16 Oktoba 2016

Mwanangu Marlys,

Salamu, na goti linaendeleaje? Usiniambie “mzima kabisa.”

Najua nimekuweka roho juu miezi mitatu na nusu. Mwanzoni nilikuwa na hasira. Baadaye nikawa na aibu, na aibu haijui kuandika.

Jana ilikuwa Meza ya Vipara. Niliingia kwa fremu ya kutembelea, nikaweka dola yetu mezani, na kabla hawajaishika nikawaambia yote: soksi, mchanga, mashine. Walicheka hadi mchungaji akashuka kutazama. Toivo akaichukua, akaweka lenzi jichoni.

“Ukingo si wa mfukoni,” akasema. “Imetolewa mashindanoni.”

“Nimekwisha kuitoa mwenyewe, mzee.”

“Na pua je? Reino, leo tuambie ukweli. Mwaka 2005 bibi huyu alikuja na pua, mwaka uliofuata hana. Nimekushuku miaka kumi. Ulitumia nini?”

Baadaye nikamwambia, nami nakwambia wewe. Nilitumia kidole gumba. Ulipoondoka na begi lako, nilisimama dirishani majira yote ya baridi nikisikiliza magari, mkono mfukoni. Kila gari lililopunguza mwendo kwenye kona nilidhani ni wewe, nikasugua. Hadi theluji inayeyuka bibi wa watu hakuwa na pua. Nilikuwa na anwani yako, nilikuwa na stempu, na nilikuwa na kiburi. Wewe umeila dola kwa wiki tatu kwa ajili yangu. Mimi niliila msimu mzima wa baridi badala ya kukuandikia mistari miwili.

Toivo ameshinda mara ya tano. Mkate wa ushindi ameukata vipande viwili, kimoja kanipa. Ulikuwa mgumu vilevile.

Sasa naweza kutembea hadi kwenye sanduku la barua, hatua arobaini na moja, dola mfukoni. Nakutaka uibebe wewe, lakini posta sipeleki tena. Njoo uichukue mwenyewe, kwa goti hilohilo.

Baba yako anayekusubiri,
Reino

Duluth, 19 Oktoba 2016

Baba,

Shikamoo. Basi linafika Ijumaa saa kumi jioni. Usije kituoni, barafu imeanza. Kaa ndani, utulie.

Najua hutatulia.

Binti yako,
Marlys