Swali Asilolijibu Aabo

Najib,

Maziwa ya ngamia yamo kwenye kidumu cha njano. Kunyweni, lakini usimpelekee baba yetu wodini, Aabo bado haruhusiwi kula kitu. Tangu apasuliwe tumbo Jumatatu, kila asubuhi nesi anamuuliza kama ametoa hewa kwa chini. Leo akamuuliza mbele ya mume wangu, mkwewe kabisa. Aabo akasema, "Mimi? Tangu nizaliwe sijawahi." Nesi akaandika hapana. Daktari anasema utumbo usipoamka na kutoa hewa kufikia kesho, atampasua tena. Mimi sijui kama ni kweli au ni aibu tu. Nilipombembeleza aligeuza uso ukutani.

~~Muulize wewe, mwanamume mwenzake.~~

Hata wewe hatakujibu. Kaa tu karibu naye, usikilize.

Dada yako