Aliye Mbali Hutupa Kwanza

Mpendwa Baba Wangari,

Nimemaliza kufua mashuka ya wageni, mgongo unauma, lakini hili ni lazima ulisikie kutoka kwangu. Jana nilimpeleka Wangari msituni. Najua niliapa kwenye kaburi lako kwamba hatakanyaga huko.

Unakumbuka ile Jumapili uliponipeleka mara ya kwanza, wageni wakishaondoka kambini? Njia zote katikati ya miti ya mitarakwa ulikuwa umezifyeka wewe kwa panga. Mimi wa jikoni sikuelewa kwa nini watu wazima wanarusha visahani vya plastiki kwenye vikapu vya minyororo, ati ni mchezo. Nikarusha changu, kikaanguka nyuma yangu.

"Nyambura, unarusha ama unafukuza kuku?"

Ulicheka mpaka ukakaa chini. Kisha ukanifunza sheria: aliye mbali zaidi na kikapu hutupa kwanza, wengine wanasimama kimya wakimngoja. Kila mara aliye mbali alikuwa mimi. Na kila mara uliningoja, ukungu wa Nyandarua ukitushukia.

Halafu ile asubuhi mgeni akarusha kisahani chake kikaingia kichakani. Ati alikipenda sana. Ukaenda kumtolea, na mbogo alikuwa amelala humo. Walikuleta umelazwa juu ya mlango wa stoo walioung'oa, na gambuti moja tu mguuni. Ugali wangu uliungua, hakuna aliyeuepua. Mgeni alipoondoka alikiacha kisahani mapokezi. Hakukitaka tena.

Kile kichaka wamekifyeka sasa. Unaona mpaka mtoni. Kumbe kilikuwa kinaweza kufyekwa.

Meneja alinipa hicho kisahani, nikakisukuma chini ya kitanda. Wangari akakipata, akampakulia mwanasesere wake chakula cha matope. Akauliza ni cha nani. Nimenyamaza tangu tukuzike, na watoto wa hapa wameshamwambia babake ni yule aliyeuawa na mbogo. Basi. Huyo tu ndiye baba aliye naye. Yule aliyecheka mpaka akakaa chini, hamjui.

Ndiyo maana tulienda na kisahani kile. Nilimshika mkono kwa nguvu mpaka akalalamika. Nikamweleza sheria yako. Akatazama kikapu, akatazama miti.

"Mama, nani ako mbali zaidi?"

"Baba."

"Sasa tumngoje?"

Nilisimama kimya, vile ulinifunza. Nilisimama mpaka baridi ikaniingia miguuni, na mtoto akaanza kunivuta sketi.

"Hapana," nikamwambia. "Tupa wewe."

Akatupa. Kikaanguka nyuma yake.

"Wangari, unarusha ama unafukuza kuku?"

Alicheka mpaka akakaa chini kwenye majani. Mimi sikuweza kucheka, bado. Nikamwambia hayo maneno ni ya babake.

Pumzika, Baba Wangari. Kukungoja nimeacha. Jumapili tutarudi, na mkono wake sitauachilia mpaka tufike pale palipofyekwa.

Ni mimi wako,
Mama Wangari