Kamera Imesema Lenzi ya Baba Mkwe Haipo

Na ile zawadi ya baba mkwe niliyokudokezea kwenye simu, dada Vero, shikamoo kwanza, ni lenzi! Ndiyo aliyopigia picha za harusi hapa Ushirombo enzi zake, na alitukabidhi kwa mikono miwili. Mume wangu, kipenzi cha roho yangu, akaifunga kwa adapta, kile kiunganishi cha lenzi za zamani, kwenye kamera yake mpya, hizi za kisasa zisizo na kioo ndani. Skrini ikaandika: “Hakuna lenzi.”

Mzee akanuna. “Mimi naiona, mkwe anaiona. Kamera yako kipofu?”

Kumbe lenzi ya zamani haina umeme wa kujitambulisha kwa kamera; mpenzi wangu alitoka jasho mpaka akapata kwenye mipangilio mahali pa kuiruhusu kamera ipige bila lenzi. Akapiga. Kuku nyuma yangu alitoka safi, mimi ukungu mtupu!

“Lete hapa.” Mzee akaizungusha ringi ya lenzi kwa vidole viwili, polepole. “Mkwe, usipumue.” Akapiga. Dada, hata kope zangu zinahesabika! Alicheka mpaka akakaa chini.

Sasa mzee hataki kuirudisha kamera. Anataka kuwapiga picha ninyi nyote, kwa hiyo nawabusu, na mjizoeze kusimama tuli: kabla mwezi haujaisha tunakuja naye hapo kwenu Kalangalala.