Kiputo Kitupu cha Chiriku

Nyumba ya Kona,
Chumba cha Uani.
Jumapili, 9 Juni

Mpendwa mwanangu Chiriku,

U hali gani huko kwenye baridi? Kifua kimetulia? Vaa soksi, huna wa kukukanda huko. Mimi magoti yanalia kama mlango mkavu, ila mdomo mzima. Mama yako anakula kidogo kidogo. Jana alinifukuza jikoni, nikajua anapata nafuu.

Baba yako, kaka yangu, tulimzika Alhamisi. Usijilaumu kwa kutokuwepo. Kifo hakipigi hodi, na ndege haisimamishwi kwa mkono.

Watu walijaa mpaka barabarani, kila mmoja na kitabu cha katuni cha kaka alichokipenda. Unakumbuka kaka aliniweka humo kama mwizi wa kuku, kwa pua hii hii? Basi mama mmoja nisiyemjua akanikamata shati mbele ya jeneza: "We mwizi, mzee wetu umempeleka wapi?" Nikacheka. Kisha kicheko kikanigeuka, tukalia sote wawili, yeye na kamasi zake, mimi na zangu.

Unajua ukaidi wake kazini. Hadithi alimsimulia mchoraji kwa mdomo, akiigiza, mara polisi, mara mbuzi. Picha zikiisha zote ndipo anajaza maneno kwenye viputo vinavyotoka midomoni mwa watu. Alisema watu hutazamana usoni kwanza, ndipo waongee. Nilimwambia huko ni kuvaa shati kabla ya fulana, hakunisikia.

Sasa kitabu cha mwisho alikijaza chote, ikabaki picha moja. Yule baba mwenye kofia anaondoka, mkoba begani, keshafika getini. Yule msichana, ambaye sote tunajua ni wewe maana meno ni yako, kasimama mlangoni mdomo wazi. Kiputo chake kitupu.

Mwenye kiwanda cha uchapaji anataka karani wake ajaze, Ijumaa mitambo iwashwe. Nikasema bora mimi. Nikaandika kwa penseli, "Nenda mzee, ukichelewa chakula tunakula." Mchoraji akasoma, akafuta polepole. "Baba, huyo anayeongea ni wewe," akasema. "Binti haongei hivyo." Sikubisha, na kwangu kutobisha ni ugonjwa.

Mama yako ndiye aliyetufumbua macho. Kila mara yule msichana alipotakiwa kusema kitu, kaka alikupigia simu, akakuchokoza, kisha akaandika ulivyomjibu. Wewe ukadhani ana hamu ya soga tu. Hamu alikuwa nayo, lakini mwizi wa nyumba hii alikuwa yeye.

Kwa hiyo nakuomba, mwanangu, maneno hayo yatoke kwako. Usitunge rambirambi, kiputo ni kidogo. Barua hii mchoraji ataipiga picha aitume kwenye simu yako leo, maana posta ni konokono. Ameapa hakuna atakayegusa ukurasa ule kabla hujajibu.

Mama yako anakusalimu sana, na shangazi yako, na mchoraji. Mungu akufunike huko ambako mkono wangu haufiki na blanketi.

Baba yako yuko getini, mwanangu. Hajatoka bado. Mwambie.

Ni mimi nikupendaye, pua na yote,
Baba Mdogo